Siku Albamu ya Bibi Lili Ilipoloa

Harufu ya karatasi kuukuu iliyoloa maji haifanani na harufu nyingine. Ina uvundo kidogo wa kabati lililofungwa miaka, ina utamu wa biskuti iliyochovywa kwenye chai ikasahauliwa, na kwa mbali kuna kitu kama vumbi la mvua ya kwanza. Juzi ilinijia puani ghafla. Dari la ofisi yetu ya Silicon Oasis, hapa Dubai, lilivuja, bomba la AC lilikuwa limeziba, maji yakashukia kabati la mafaili ya zamani. Wenzangu walikimbilia kompyuta. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya dimbwi, nimefumba macho, natabasamu kama mtu aliyepakwa uturi. Meneja akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa, ila nimerudi kuwa na miaka tisa na nimefanya kosa kubwa.

Kwenu ninyi nitalieleza vizuri zaidi kuliko nilivyomweleza yeye.

Nilipokuwa na umri huo tulikaa Al Nahda, karibu na mpaka wa Sharjah, ghorofa ya kumi na moja, katika flati ya vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa chetu: baba, mama na mimi. Cha pili kilikuwa cha Anti Moraa, Mkenya kutoka Kisii, aliyefanya kazi ya udobi katika hoteli moja kubwa na aliyeweza kukunja shuka la kitanda kipana peke yake, akisaidiwa na kidevu tu. Baba alitokea Tanga. Huko alijifunza kuosha picha katika studio ya mjomba wake, Ngamiani, enzi za chumba cha giza na taa nyekundu, mpaka kamera za kisasa zilipokuja kumpokonya ufundi. Dubai alikuwa akiendesha mashine za kuchapa mabango na picha za harusi katika duka moja la Deira. Mama alikuwa mpishi na mwangalizi wa bibi mmoja wa Kizungu, kwenye villa huko Al Warqa, na shule zikifungwa alinichukua kwenda naye.

Bibi huyo aliitwa Lili. Alikuwa amepita sabini, mdogo wa umbo kama msichana wa darasa la sita, nywele nyeupe zimekatwa kuishia shingoni, na kicheko chake kilianzia mabegani. Mabega yalitikisika kwanza, kisha ukangoja, kisha sauti ikafika. Aliishi na mwanawe wa pekee, mhandisi, ambaye mama alimwita "sir" na ambaye alitoka asubuhi na kurudi jioni bila kelele.

Wiki ya kwanza tu mama alirudi nyumbani na habari. "Baba Hawa, yule madam wangu hali nguruwe."

"Mzungu?"

"Wallahi. Wala nyama haipikwi na maziwa. Na Ijumaa jua likikaribia kuzama anawasha mishumaa, anaomba, halafu hagusi kazi mpaka kesho yake."

Baba akafikiri. "Basi ni Mwislamu."

"Si Mwislamu. Ni Myahudi."

Baba akafikiri tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, akamimina chai. "Hali nguruwe na anamwomba Mungu mmoja," akasema. "Mpikie vizuri." Na mjadala wa dini nyumbani kwetu ukaishia hapo.

Bibi Lili na mimi tulikuwa na mchezo wetu. Mama akishamaliza jikoni na kujilaza kidogo, Bibi alinituma nikanawe mikono kwa sabuni hadi viwiko, nikaushe, nije mezani. Hapo ndipo albamu iliposhushwa kutoka juu ya kabati. Ilikuwa na jalada la kahawia lililochakaa pembeni, na kurasa nene nyeusi zilizobandikwa picha ndogo ndogo, mgongo wote wa kila picha umegandamana na ukurasa. Watu waliokuwa humo walivaa makoti mazito, walikaa kwenye viti vya bustani, walishika baiskeli, walikumbatia mbwa. Bibi aliwajua watatu tu: mama yake Margit, baba yake, na yeye mwenyewe akiwa mtoto mchanga mwenye hasira. Wengine wote hakuwajua. Alijua kwamba ni ndugu zake, basi.

Kwa hiyo tuliwapa majina sisi. Mtu aliyesimama kwa mikogo chini ya kofia kubwa, nusu ya uso imefunikwa, tulimwita Bwana Kofia. Mwanamke mwenye mbwa alikuwa Bi Mbwa. Palikuwa na Shangazi Macho, palikuwa na Mwalimu Tumbo, ambaye vifungo vya kizibao chake vilikuwa vimebakiza siku chache duniani. Bibi alijifunza kutamka "tumbo" kwa ajili yake. Tulimtungia visa mpaka mabega yakatikisika.

Nilimwuliza siku moja kwa nini hawajui ndugu zake mwenyewe. Mimi nilikuwa na ndugu Tanga niliowajua kwa sauti ya simu tu, lakini niliwajua.

Aliniambia kwa ufupi, kama mtu anayempa mtoto dawa chungu kwa kijiko kidogo. Alizaliwa Hungaria. Palikuwa na vita, na wenye nguvu wa wakati ule walikusudia kuwamaliza Mayahudi wote, wazee kwa watoto. Nikauliza, kwa kosa gani? Akasema, hapakuwa na kosa. Yeye alikuwa na miaka minne. Siku moja mama yake alimkabidhi kwa mwanamke aliyekuwa akiwafulia nguo, pamoja na albamu hiyo iliyofungwa ndani ya aproni, akamwambia amtunzie vyote viwili. Mfuaji akamtunza mtoto kama mjukuu wake, na albamu akaifukia ndani ya pipa la unga. Vita vikaisha. Bibi alikaa dirishani kungoja. Hakurudi hata mmoja.

"Kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza," alisema, akafungua ukurasa mwingine. "Haya, huyu mwenye baiskeli tumwite nani?"

Likizo ile, Alhamisi moja, sir alimwambia mama yake wakati wa chakula kwamba mgeni atakuja wiki ijayo. Ni mama mmoja kutoka nyumba ya kumbukumbu huko ng'ambo, ambako wanatunza barua, hati na picha za familia za Kiyahudi zilizopitia maangamizi yale. Wanaziweka mahali pakavu, penye ubaridi, ambapo hata wajukuu wa wajukuu watazikuta. Bibi alikuwa amewaandikia mwenyewe. Alisema albamu imeshamzidi umri, na yeye hakutaka imfie mikononi.

Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba Bwana Kofia anaondoka.

Alasiri ile Bibi alilala, mama akawa anakwangua sufuria. Nikaingia chumbani kwa Bibi kwa kunyata, nikapanda kiti, nikaishusha albamu peke yangu, nikakaa nayo sakafuni kati ya kabati na ukuta ili niwaage. Sikunawa mikono. Nilikuwa nimefika kwa Bi Mbwa niliposikia mama akiita, "Hawa! Yalla, basi linatuacha!" Nikaisukuma albamu kwenye upenyo ule ule, nyuma ya kabati, chini ya AC, nikajiambia nitaipandisha Jumamosi.

Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko ya mama. Nilicheza, nilikula biriani ya Anti Moraa, sikuikumbuka albamu hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko yote.

Jumamosi tulipofungua mlango wa villa tulikutana na ile harufu. Sir alikuwa amekunja suruali hadi magotini, anasukuma maji kwa ufagio. Bomba la AC ya chumba cha Bibi lilikuwa limeziba, maji yakawa yanachuruzika ukutani kimya kimya mchana kutwa na usiku kucha. Bibi alikuwa amekaa kitandani, albamu iko mapajani, imevimba kama mkate uliodondokea kwenye mchuzi. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya jalada, kama unavyomwekea mtoto mwenye homa.

Mama alikuwa ameaminiwa funguo zote za nyumba ile. "Madam, mimi Alhamisi nilifuta vumbi, lakini juu ya kabati sikugusa. Sikugusa, madam. Au nimeigusa? Labda nimeigusa bila kujua."

Nilimwona mama yangu akijitafutia kosa ambalo si lake. Marehemu bibi yangu wa Tanga alikuwa na usemi wake: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilidhani kifo chenyewe ndicho hicho kimefika. Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, ili pasiwe na mahali pa kujificha. "Niliishusha nimuage Bwana Kofia. Nikaiacha chini."

Sir aliacha kusukuma maji. Mama alinitazama kwa jicho ambalo hadi leo, na nimeshamzidi urefu, likinitazama hivyo nakaa chini. Bibi aliniangalia, akaiangalia albamu, akaniangalia tena.

"Baba yako," akasema, "si ni mtu wa picha?"

Mama alimpigia. Sauti ya baba ilitoka kwenye simu tukaisikia sote chumbani. "Msifungue! Msipanguse! Msianike juani! Nani anashika kifaa cha kukaushia nywele hapo? Mwambieni akiweke chini!" Sir, ambaye kweli alikuwa amekishika, akakiweka chini. Baba akasema anakuja. Tulimsikia akimwambia arbab wake, tajiri mwenye duka, kwamba kuna picha zinakufa Al Warqa, na arbab, ambaye alidhani ni wagonjwa, akajibu, "Khalas, nenda, nenda!"

Alifika baada ya saa moja na Anti Moraa nyuma yake. Anti alikuwa na zamu ya jioni na alikataa kubaki nyumbani.

Sijawahi kumwona baba yangu vile. Dukani Deira alikuwa mtu wa kubonyeza vitufe na kuitikia "yes, sir." Pale villani alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaomba masinia yote ya nyumba, maji safi ya baridi, karatasi ya kuokea keki, na mtu yeyote mwenye haraka atoke nje.

"Picha imezaliwa majini," alituambia, akitandaza ufundi wake wa Ngamiani mezani kama mtu anayefungua sanduku la nguo za harusi. "Maji hayaiui upesi. Kinachoiua ni kukauka ikiwa imeng'ang'ania mwenzake. Ikikauka hivi ilivyo, khalas, hatuitenganishi tena. Ikiwa bado imeloa, inatusikiliza."

Hatukuweza kuzishughulikia zote kwa siku moja. Kwa hiyo baba aliikata mishono ya albamu kwa wembe, akatenganisha kurasa, zile za siku ya pili na ya tatu akazifunga kwenye karatasi ya keki na kuziweka kwenye friza ili zisiote ukungu. Ndugu wengi wa Bibi Lili wa upande wa mama walilala siku mbili kati ya vipande vya samaki nguru na sambusa za mama. Bibi alipofunguliwa mlango wa friza kuwaona, mabega yake yalitikisika kwa mara ya kwanza siku ile. "Angalau," akasema, "safari hii wana chakula."

Anti Moraa alichukua kazi ya kuanika. Alizungusha macho nyumba nzima, akatoka uani, akarudi na nyavu za mbu alizozichomoa madirishani, kaziosha kwa sabuni. "Sikizeni," alisema, "hizi ni kama silk za wageni. Haukamui, hausugui. Unalaza flat, uso juu, hewa ipite chini. Mimi nimefua wedding dress ya mtu wa maana, sembuse picha." Akaziegemeza nyavu juu ya viti vya chakula, sebule ikawa kama shamba la kuanikia dagaa.

Na mimi? Mimi nilitaraji kufukuzwa. Bibi, ambaye Jumamosi zote hakugusa kazi, siku ile alinivutia kiti karibu yake. "Nawa mikono," akasema. "Hadi viwiko."

Ukurasa wa kwanza baba aliulaza kwenye sinia la pilau, ndani ya maji. Tulingoja. Gundi ya zamani zile ilikuwa ya unga wa ngano, uji tu, na uji ukikutana na maji husahau ulichokuwa umekishika. Picha ya kwanza ilianza kuinuka pembeni, polepole, kama mtu anayeamka usingizini. Baba akaipitishia chini kipande chembamba cha plastiki, akainyanyua, akaigeuza ili atazame kama mgongo umepona.

Kisha akasema, "Madam. Hapa pameandikwa."

Ilikuwa kalamu ya risasi, maandishi madogo yaliyolala kwa mbele kama majani yanayopigwa na upepo. Risasi haiogopi maji. Maneno yalikuwa safi kana kwamba yameandikwa asubuhi ile. Bibi alivaa miwani. Alisogeza uso karibu mpaka nikadhani atainusa.

"Ni mwandiko wa mama yangu," alisema.

Alikuwa na kadi moja tu yenye mwandiko huo maisha yake yote, kwa hiyo aliujua kama unavyoujua wimbo wenye ubeti mmoja. Akasoma kwanza kwa Kihungaria, chini chini, kisha akatutafsiria, sauti inakwaruza: "Mjomba Sandor. Anasema ameshiba. Hii ni sahani ya tatu."

Mama alikuwa wa kwanza kucheka. Alishindwa kujizuia, akaziba mdomo kwa kanga, akiwa bado amenikasirikia. Kisha Anti Moraa, kisha sir, ambaye sikujua kama ana meno. Bibi alikuwa wa mwisho. Mabega, halafu tukangoja, halafu sauti ikafika na haikusimama.

Ikawa hivyo siku tatu. Kila picha iliyoachia ukurasa ilikuwa na mgongo, na kila mgongo ulikuwa na Margit, aliyekuwa msichana mtundu mwenye kalamu. Bi Mbwa alikuwa Ilonka, binamu, na mbwa aliitwa Kapteni. Shangazi Macho aliitwa Etel, "anatazama hivyo kwa sababu Bela amekaa kwenye kofia yake." Na Bwana Kofia, yule ambaye niliangamiza albamu nzima kwa ajili ya kumuaga, hakuwa bwana. Mgongo wa picha ulisema: "Rozi, dada yangu, katika kofia na suruali ya mumewe. Alishindwa dau. Amepita hivi sokoni mpaka mwisho na kurudi."

"Bwana Kofia ni mwanamke!" nilipiga kelele.

"Bwana Kofia ni mama yangu mdogo," alisema Bibi, akiwa ameishika ile picha kwa ncha za vidole juu ya sinia, maji yanamdondokea mapajani. Hakuyafuta.

Siku ya pili ilikuja picha ya mtoto mchanga mwenye hasira. Bibi alimwomba baba amwachie aigeuze mwenyewe. Akasoma: "Lili, miezi saba. Hataki karoti. Ukimwita jina lake anacheka kabla hujamaliza kulitamka."

Mama aliinuka ghafla. "Madam! Miaka miwili nakuwekea karoti kwenye supu!"

"Nilikuwa nazificha chini ya mfupa," alisema Bibi. "Hukuuliza."

Sitawadanganya kwamba zote zilipona. Picha ya kijana mwenye baiskeli, yule tuliyekuwa hatujampa jina, uso wake ulikuwa umekwisha kulainika. Baba alipoinyanyua, sura ikateleza, ikaelea majini kama utando wa maziwa, ikakatika. Baba alibaki na karatasi nyeupe mkononi. Alisema "Samahani" mara tatu, kwa lugha tatu. Nyuma palikuwa pameandikwa Miki, na neno moja la Kihungaria ambalo Bibi alisema maana yake ni "kipenzi changu," la kumwambia mdogo wako. Margit alikuwa na kaka mdogo. Sura yake niliiharibu mimi. Nililia, na Bibi aliniacha nilie, hakuniambia si kitu. Aliilaza ile karatasi nyeupe kwenye wavu pamoja na nyingine, ikakauka kwa heshima zote.

Na Mwalimu Tumbo alikuwa kinyume chake. Uso wake ulitoka mzima, vifungo vyote mahali pake, lakini yeye aliandikwa kwa wino, pengine kalamu ya risasi ilikuwa imepotea siku hiyo, na wino ukawa wingu la buluu. Jina lilikwenda.

Mgeni alipofika Alhamisi nilitegemea jitu la kuogofya. Alikuwa mama mnene mwenye viatu vya raba, aliyeingia sebule ile ya nyavu na viti, akasimama, akashika kifua. Nilijua sasa ndipo nitakaposhitakiwa. Lakini yeye alizunguka wavu kwa wavu, ameinama, mikono mgongoni, na kila alipogeuziwa picha alipumua kwa nguvu. Alisema amezoea kupokea albamu ambazo nyuso zimejaa na majina hayapo. Watu wanampa na kumwambia, hatujui ni nani, tunajua ni wetu. Akauliza ni nani aliyekuwa na wazo la kuzibandua.

Bibi alinitazama. "Maji," akasema. Hakusema zaidi, na mgeni hakuuliza zaidi.

Walikaa mezani mchana kutwa, mgeni anaandika: jina, udugu, maneno ya nyuma. Mimi nilipewa daftari langu nikanakili orodha kwa ajili ya nyumbani. Ilipofika zamu ya Mwalimu Tumbo, mgeni akauliza aandike nini. Bibi akasema kwa uso mkavu, "Andika Mwalimu Tumbo." Akamwendelezea herufi kwa herufi. "Weka kwamba jina amepewa na Hawa, wa Tanga." Kwa hiyo huko ng'ambo, ndani ya sanduku la karatasi isiyo na asidi, kuna Myahudi mmoja wa Hungaria ambaye kumbukumbu yake imeandikwa kwa Kiswahili. Sijawahi kujua nicheke au nione haya. Hufanya vyote viwili.

Picha ziliondoka. Baba alikuwa amezipiga nakala zote dukani, akaziacha kwenye bahasha, na upande wa nyuma wa kila nakala akachapa mwandiko wa Margit.

Kesho yake, Ijumaa, Bibi alitualika wote. Baba alikuja amevaa kanzu, ametokea kusali alasiri. Anti Moraa alivaa kitenge cha kanisani na kuomba radhi kwa Mungu wa kila mtu aliyekuwepo kwa kuchelewa. Jua lilikuwa bado halijazama. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, mishumaa miwili ikawashwa, Bibi akasema maneno yake ya kila wiki kwa sauti ya chini, mikono imefunika macho. Kisha akatueleza kwamba watu wake huwataja marehemu wao kwa majina, na kwamba yeye maisha yake yote alikuwa na majina mawili ya kutaja. Akafungua orodha niliyoandika mimi, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne.

"Sandor," akasoma.

Akanyamaza kidogo. Mimi nikatazama huku na huku. Shuleni kwetu mwalimu akisoma jina na asiitikiwe, lilikuwa jambo baya.

"Yupo!" nikasema.

Mama alinifinya paja mpaka nikaona nyota. Bibi aliinua uso. "Amesema nini?"

"Samahani, madam," mama alisema, ameiva kwa aibu. "Mtoto anadhani ni shule. Anaitikia. Amesema kwamba... kwamba huyo yuko hapa."

Bibi alinitazama kwa muda. Mabega yakaanza kutikisika, tukangoja, na safari hii sauti haikuja kabisa. Alifuta macho chini ya miwani. "Mwache," akasema. Akarudi kwenye karatasi. "Rozi."

"Yupo!" nikasema, na Anti Moraa pamoja nami, kwa sauti ya kwaya.

"Ilonka."

"Yupo!" Baba sasa, na sir, ambaye hilo likawa neno lake la kwanza la Kiswahili. Etel. Bela. Miki asiye na sura. Mama aliitikia mwisho na kwa sauti ndogo kuliko wote, lakini aliitikia. Majina kumi na tisa. La mwisho lilikuwa Margit, na hilo Bibi hakutungoja. Alilisoma, akaliitikia mwenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Kwa miaka mingi niliikumbuka jioni ile kama mchezo, na nilidhani Bibi alilia kwa furaha kwa sababu picha zimepona. Nilikuwa mkubwa, nimeketi darasani na kitabu cha historia, niliposoma jinsi watu wale walivyochukuliwa: walikuwa na orodha. Majina yalisomwa kutoka kwenye karatasi, mmoja mmoja, kwa sauti, na aliyeitwa aliitikia, akapanda garimoshi, asionekane tena. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Bibi Lili alilijua hilo miaka yote. Alilijua pale mezani, alipomsikia mtoto wa miaka tisa, aliyeziloesha picha zake, akimwitikia mjomba Sandor kwa nguvu zake zote. Angeweza kuninyamazisha. Badala yake alisoma jina lililofuata, akasubiri tuitikie, na alipofika mwisho akaikunja karatasi, akamwomba mama alete chakula, na tukala mpaka Anti Moraa akasema ameshiba, na mama akampakulia tena.